Wadogo zangu mnaoenda Varanasi na loji ya rupia mia nne, someni hii kabla hamjapanda treni

Juzi saa saba na robo usiku simu inaita, naangalia ni mdogo wangu mmoja wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kunipigia muda huo, moyo ukanilipuka. Napokea nasikia honi za bajaji na mbwa wanabweka. "Kaka shikamoo, samahani kwa usumbufu, tuko Varanasi, loji imetukataa." Wala sikuuliza kwa nini, najua kwa nini. Mwaka wa tano huu niko India, nasoma Delhi, na kila likizo, iwe Diwali iwe Holi iwe semista imeisha, lazima kuna kundi la fresha limesimama pale njiapanda ya Godowlia mjini Varanasi na mabegi, limelipia chumba kwenye apu, na kijana wa mapokezi anatikisa kichwa.

Nawapenda jamani, nyie ni wadogo zangu kabisa, ila haya mambo tunayasema kila mwaka kwenye kikao cha kuwakaribisha na kila mwaka mnachati huku tunaongea. Kwa hiyo leo nimeandika, mtu asije akasema hakuambiwa.

1. Stesheni. Varanasi siyo stesheni moja. Ile inayoandikwa Varanasi Junction ndo watu wote wanaita Cantt, ukimwambia dereva "Junction" anakuangalia tu. Inayoandikwa Banaras ni ile ya zamani Manduadih, wameibadilisha jina 2021, nayo iko mjini, haina shida. Shida ni hii ya tatu, Pandit Deen Dayal Upadhyaya, zamani Mughalsarai, jina jipya tangu 2018, iko ng'ambo ya mto Ganga, kilomita kama kumi na sita na ushee kutoka mjini, na treni nyingi za Delhi kwenda Kolkata zinapita huko bila kuingia Varanasi kabisa. Mwaka juzi kuna vijana watatu walishuka hapo saa tisa usiku, tiketi zao wenyewe ndo zilikuwa zimeandikwa hivo, wakaanza kutembea na simu mkononi wanafuata ramani kwenda Dashashwamedh, ghati moja kule mjini, yaani ngazi za kushukia mtoni. Kwa miguu! Walipofika darajani ndo wakanipigia kuniuliza mbona mbali. Angalieni jina la kushukia kabla hamjalipa, basi.

Na kama hela inaruhusu pandeni treni ya mwendo kasi, Vande Bharat. Ya kwanza kabisa nchi nzima ilianza na njia hii hii ya New Delhi kwenda Varanasi, Februari 2019, inatumia kama masaa 8, inaondoka alfajiri mnafika mchana kweupe. Kufika mchana kuna thamani kuliko hiyo tofauti ya nauli, mtaelewa mkifika namba tatu.

2. Bajaji. Dereva atakwambia hoteli yako imefungwa, imeungua, imejaa, mwenyewe kafariki. Usibishane naye, mwambie ndugu yako yuko ndani anakusubiri. Anataka akupeleke kwa anayempa kamisheni, na hiyo kamisheni utailipa wewe ndani ya bei ya chumba. Halafu mji wa zamani hauingiliki kwa gari, mnashushwa Godowlia au pale karibu, kuanzia hapo ni vichochoro, mnapishana na ng'ombe, pikipiki na maiti inayopelekwa Manikarnika, ghati ya kuchomea maiti, huku watu wanaimba Ram naam satya hai. Mkisikia hiyo sauti simameni pembeni, shusheni begi, wapisheni. Begi la magurudumu acheni hosteli, bebeni la mgongoni. Na pigeni simu gesti watume kijana aje awapokee barabarani, wengi wanatuma na hawatozi kitu.

3. Pasipoti. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana hii sikuisoma mahali, niliifanya mimi mwenyewe.

Ilikuwa Januari, mimi mwaka wa tatu, najiona mwenyeji. Tulikuwa sita, mimi ndo kiongozi wa safari, watatu kati yao walikuwa fresha na mmoja ni dada mwenye pumu ambaye mama yake alinipigia kabla hatujaondoka akaniambia "mwanangu, huyu nakuachia wewe." Usiku wa kuamkia safari nikawakusanya nikawaambia pasipoti ziacheni hosteli, behewa la Sleeper, lile la bei nafuu, lina wezi, bebeni kopi, na RP, kile kibali cha kuishi, si mnayo kwenye simu? Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Yule dada akauliza, "Kaka una uhakika?" Nikamjibu mimi nimeshasafiri India nzima. Ni uongo, nilikuwa nimeenda Agra na Jaipur tu, na kote huko nilikuwa na pasipoti mfukoni.

Mnajua ukungu wa Januari huku kaskazini. Treni iliyotakiwa kufika saa mbili asubuhi ilituingiza Cantt saa tano usiku. Siku nzima imesimama maporini, chai imeisha, choo hakifai, baridi inapenya madirishani. Tukachukua bajaji mbili mpaka Godowlia, tukazama vichochoroni, tukafika kwenye loji niliyobuku kwa rupia mia nne. Kijana alikuwa amelala chini nyuma ya meza amejifunika blanketi mpaka kichwani. Akaamka, akatuangalia, akasema pasipoti. Nikatoa kopi. Akampigia mwenye loji, wakaongea, akakata simu akasema hapana. Nikamwonyesha kwenye apu kwamba nimelipa. Akasema hapana, na hata mngekuwa nazo sisi hatuchukui wageni wa nje.

Tukaenda ya pili. Ya tatu. Ya nne walitaka kutuchukua, mwenyewe alishuka mpaka chini akafungua na daftari, ila akataka pasipoti yenyewe siyo kopi. Nilianza kumpandishia sauti yule baba wa watu saa saba usiku mlangoni kwake, naona haya mpaka leo. Ilipofika saa nane yule dada akaniambia taratibu, "Kaka, turudi stesheni, kifua kinabana." Nikamwambia tujaribu moja tu ya mwisho. Tukajaribu tatu. Alikuwa amekaa juu ya begi lake kwenye ngazi za duka, amejitanda khanga juu ya sweta, hasemi kitu, na mimi nikachukulia kutosema kwake kwamba anaweza kusubiri. Ningeweza kumpigia mratibu wa wanafunzi wa nje, namba ninayo, sikupiga kwa sababu sikutaka ijulikane kwamba mimi ndo niliyesema pasipoti zibaki. Hilo ndo kosa lenyewe. Pasipoti ni ujinga wa kutojua, ila kutopiga simu ilikuwa kulinda jina langu, na mtu anabanwa kifua mbele yangu.

Tulirudi Cantt saa kumi kasoro. Chumba cha kungojea kimejaa mahujaji, wamelala sakafuni familia kwa familia. Mama mmoja mtu mzima, hatuelewani hata lugha, alimsikia yule dada anavyohema, akainuka, akamvuta karibu yake, akamfunika nusu ya blanketi lake. Sisi wengine tukatandika magazeti. Kulipokucha dawa yake ya kuvuta ilikuwa imeisha na midomo imeanza kubadilika rangi. Tukamkimbiza hospitali, wakampokea, akalala siku nne. Mama yake alinipigia siku ya pili akasema neno moja tu, "Si nilikuachia wewe?" Sikuwa na jibu, nilisema shikamoo mama nikaanza kulia.

Rafiki yangu kule hosteli alimwomba wadeni afungue vyumba, akakusanya pasipoti sita akapanda nazo treni usiku huo huo. Tulipozipata ndo tukaenda kwa mzee mmoja mwenye gesti upande wa Assi, sisi tunamwita chacha, yaani baba mdogo, na yeye ndo alinikalisha chini akanieleza kitu ambacho miaka mitatu hakuna mtu alikuwa amenieleza. Kwamba akilaza mgeni wa nje anatakiwa aingize fomu C kwenye mfumo wa FRRO, ofisi ya kusajili wageni wa nje, ndani ya masaa 24, namba ya pasipoti, namba ya viza, umetoka wapi unaenda wapi, na loji nyingi ndogo hazijajisajili kwenye huo mfumo, wengine hata kompyuta hawana, kwa hiyo wakikulaza polisi wakipita matatizo ni ya kwao. Apu haijui hilo, yenyewe inauza kitanda tu. Akasema, "Yule kijana hakukuchukia, aliogopa." Nilirudi kwenye ile gesti ya nne nikamwomba radhi yule baba. Akanipa chai.

Kwa hiyo: pasipoti yenyewe, viza na RP mnavaa kwenye kipochi ndani ya nguo. Kabla ya kulipa mnapiga simu, siyo kutuma meseji, mnauliza maneno haya haya, mnapokea wageni wa nje, mna fomu C? Akisitasita, tafuteni nyingine. Na kama kuna mgonjwa kwenye kundi yeye ndo anapanga mwendo.

4. Chumba kagueni kabla hamjatoa hela. Washeni hita ya maji mguse maji kwa mkono, msiridhike na taa nyekundu, muulize na umeme ukikatika inveta, ile ya betri, inabeba nini, mara nyingi ni feni na taa tu. Godoro inueni. Kufuli bebeni la kwenu maana milango mingi ya gesti za zamani ina komeo la kutia kufuli. Januari ombeni blanketi la pili mchana, usiku mtu wa blanketi ameshalala. Na "chumba cha kuona Ganga" ombeni muone dirisha lenyewe, kuna mtu alilipia akakuta Ganga unaiona ukisimama juu ya ndoo ya kuogea.

5. Nguo msianike juu ya dari, tumbili wanachukua. Dirisha likiwa halina nondo fungeni hata kama kuna joto.

6. Saa ya kutoka ulizeni: kuna loji zinahesabu masaa 24 tangu ulivyoingia na kuna zinazokutoa saa nne asubuhi hata kama umeingia alfajiri ya siku hiyo hiyo.

7. Chakula. Gesti nyingi za kule ndani ni nyumba ya familia, juu wanaishi wao, chini kuna mahali pao pa kuabudia, na hawali nyama, samaki wala yai. Mdogo wetu mmoja, jina namhifadhia, alienda na lile jiko lake dogo la umeme na dagaa wa Mwanza aliotumiwa na bibi yake, akafunga mlango akaanza kukaanga saa moja jioni muda wa ibada. Dagaa mnawajua! Harufu ikapanda ngazi ghorofa tatu. Mwenyeji hakumfokea, bibi wa nyumba ile alikaa tu kwenye ngazi akawa analia, halafu wakaosha sakafu yote kuanzia juu mpaka mlangoni usiku ule. Kijana alinyanyuka akachukua dekio akaosha nao mpaka saa tano, na sasa hivi akienda Varanasi hawamtozi, wanamwita mjukuu. Ila nyie dagaa acheni hosteli, kule kuleni kachori sabzi asubuhi, vitumbua vya kukaanga na mchuzi wa mboga, na mkienda msimu wa baridi tafuteni malaiyo, povu la maziwa lenye zafarani, kiangazi hamlipati.

8. Manikarnika hakuna kupiga picha, ni misiba ya watu, na anayewafuata kuomba mchango wa kuni za wafu msimpe.

9. Julai mpaka Septemba mto unajaa, ngazi za ghati zinazama, mashua zinasimamishwa, mtalipia kuona maji ya matope. Dev Deepavali, siku kumi na tano baada ya Diwali, ghati zote zinawashwa taa, ni nzuri mno, ila siku hizo vyumba vinapanda bei mara kadhaa, bukuni mapema au msiende.

10. Hekalu la Kashi Vishwanath simu hamuingii nayo, acheni gesti, msiziache kwa muuza maua mliyemjua dakika ile. Lililopo sasa lilijengwa 1780 na malkia Ahilyabai Holkar wa Indore, wanaouliza historia njooni tuongee, hii naipenda.

Sasa wale wa juzi. Pasipoti walikuwa nazo, namshukuru Mungu, hilo walau walisikia, ila fomu C hawakuuliza. Nikawaambia msitembeetembee, ingieni bajaji nendeni Assi, nampigia chacha. Alipokea mlio wa pili, ana miaka sabini na kitu, akashuka mwenyewe kufungua geti. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakanitumia picha, wako juu ya dari wamejifunika mablanketi na jua linatoka upande wa pili wa Ganga, jekundu kabisa.

Ile picha nimemtumia yule dada. Alishamaliza, yuko Dodoma anafanya kazi, na katika miaka yake yote India alirudi Delhi kutoka Varanasi bila kuuona mto, wodini hakukuwa na dirisha la upande huo. Nilikaa nasubiri atasema nini. Akajibu baada ya lisaa: "Hapo kwa chacha chumba sh ngapi siku hizi?" Nimemtumia namba.