Jibu kwa mleta uzi wa pikipiki ya Boxer: usiichukue hiyo helmeti iliyokwisha kuanguka

Mkuu, ishia hapo hapo. Kama hela hujampa huyo jamaa anayekuuzia helmeti, usimpe. Kama umeshampa, mrudishie kofia yake leo hii akurudishie chako, na akikataa heri hiyo hela ipotee.

Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala na nimeshuka kituo kimoja kabla ya changu ili nikae mahali nikuandikie kwa utulivu. Umeuliza mengi: Boxer au TVS, mafuta ya wiki kutoka Tegeta mpaka Posta, bima, njia ya asubuhi, na kama mama watoto anaweza kupanda nyuma umshushe Mwenge. Mimi nimekwama kwenye mstari mmoja ulioupitia juu juu: "Helmeti sina shida, kuna mshikaji ananiuzia yake ya Japani elfu arobaini, ilishaanguka mara moja tu ila nje haina kitu."

Maneno hayo niliuziwa na mimi, mwaka 2019, karibu neno kwa neno.

Nilikuwa nimenunua pikipiki mpya, nafanya kazi Mikocheni, naishi Tegeta. Nilikuwa nimeshaiona dukani helmeti ya kufunika uso mzima, mpya, laki moja na tisini. Nikamweleza jamaa mmoja wa ofisini, mtu aliyeendesha pikipiki miaka kumi na mbili, ambaye kila mwenye pikipiki pale kazini alikuwa anamuuliza yeye. Akashangaa. "Laki na tisini kwa kofia? Ajali haina kinga, bwana. Kama siku yako imefika, imefika." Akanielekeza kwa muuzaji wa Kariakoo aliyekuwa anatandika mzigo wa mtumba kwenye turubai. Nyeusi, inang'aa, kioo safi kabisa. Muuzaji akaigonga kwa kifundo cha kidole, ngo ngo ngo, akasema, "Sikiliza mwenyewe, hii ni ya Japani, hawa Wachina hawana kitu kama hiki." Nikamuuliza kama imewahi kuanguka. Akajibu, "Labda ilidondoka mezani." Elfu thelathini na tano. Na ile laki na hamsini na tano iliyobaki nikafungia pikipiki redio na taa za rangi.

Wiki ya saba, mwezi wa nne, masika. Mvua ilikuwa imekatika kama nusu saa. Nipo Barabara ya Bagamoyo narudi nyumbani, nimeshapita Lugalo, nakaribia Tangibovu. Mwendo arobaini, pengine haufiki. Unajua jinsi mvua ya Dar inavyoburuta mchanga wa barabara za ndani na kuumwaga kwenye lami. Bajaji ikachomoka kutoka pembeni, nikakamata breki ya mbele juu ya mchanga ule, tairi ikaondoka. Kwanza bega, halafu kisogo kwenye ukingo wa zege. Hapo ndipo kumbukumbu yangu inapoishia.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Vijana wa kijiwe walinivuta helmeti kichwani kwa nguvu, wakanimwagia maji ya chupa, wakanipakia mshikaki katikati ya watu wawili kwenye bodaboda. Walitaka kuniokoa, na nawashukuru mpaka leo, ila wewe na wote mnaosoma, mkimkuta mtu amelala na helmeti kichwani na anapumua, msimvue na msimkunje shingo. Mwacheni alale hivyo hivyo, mmoja amshikilie kichwa kisicheze, hadi apatikane mtu wa tiba au gari la kumlaza.

Mtulinga ulivunjika. Hilo la bega lilipona. Damu ilivuja kidogo ndani ya kichwa, nikapigwa CT skani mara mbili, nikalala siku tisa. Mke wangu ndiye aliyehangaika polisi na PF3, ile fomu ya matibabu ya majeruhi, huku mtoto akiwa mgongoni. Gharama zote zilifika milioni tatu na laki mbili, na sehemu kubwa aliikopa kwenye kikoba chake. Deni lile tumelimaliza mwaka 2021. Kazi yangu ilikuwa ya mkataba, haikunisubiri.

Sasa nikueleze kilichobaki mpaka leo. Sinusi kitu. Daktari alinifafanulia kuwa mishipa ya kunusa ni nyuzi nyembamba zinazopita kwenye vitundu vya mfupa ulio juu ya pua. Ukigongwa kisogoni ubongo unatikisika mbele na nyuma, na nyuzi zile zinaweza kukatika. Zangu zilikatika. Binti yangu wa pili amezaliwa baada ya ajali na sijui mtoto wangu ananukiaje. Nikienda soko la Feri sinunui samaki bila mke wangu, maana siwezi kujua aliyelala. Siku moja jiko la gesi lilivuja nikiwa nimekaa jikoni mimi mwenyewe, nakunywa chai. Mtoto wa miaka saba ndiye aliyepiga kelele kutoka sebuleni.

Miezi miwili baada ya kutoka hospitali nilikaa na ile helmeti nikachomoa vitambaa vyote vya ndani. Naomba usome hapa taratibu. Chini ya kitambaa kuna povu gumu, jamii ya lile linaloshikilia televisheni mpya ndani ya boksi. Upande wa kisogo, eneo kama kiganja, povu lilikuwa limebonyea na kuwa gumu kama ubao. Pembeni yake palikuwa na ufa mrefu uliojazwa gundi, na gundi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi juu yake. Ile gundi ilikuwa kavu na ya zamani, imeshakuwa ya njano. Nikakwangua gamba la nje kwa kisu: rangi ya kupuliza, na chini yake mchubuko mrefu wa lami. Kuna mtu aliangukia kisogo na helmeti ile kabla yangu. Ikamfanyia kazi yake, ikaisha, ikaletwa Kariakoo ikapakwa rangi, nikaivaa mimi.

Watu wanadhani kinachokukinga ni lile gamba gumu linalogongwa ngo ngo. Gamba linasambaza pigo na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye. Anayebeba pigo lenyewe ni povu. Linabonyea, na kule kubonyea ndiko kunakokipa kichwa nafasi ya kusimama polepole badala ya kusimama ghafla. Likishabonyea halirudi. Pigo la pili mahali pale pale ni kama umejigonga kwenye ubao. Na wala halina uwezo wa ziada wa kuchezea: kipimo cha Ulaya, ECE 22.05, kilichotangulia hiki cha sasa cha 22.06, kilikuwa kinaipiga helmeti kwenye chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, ambao ni kilomita 27 kwa saa. Helmeti nzima, mpya, ndiyo ilikuwa inapimwa hivyo. Sasa ile ya mshikaji wako "iliyoanguka mara moja tu" ina nini ndani? Yeye hajui. Wewe hujui. Kwa macho ya nje hakuna anayeweza kujua, na ndiyo maana inauzika.

Na huyo bwana wa ofisini na ajali-haina-kinga yake, bado ananiudhi. Alikuja hospitali na machungwa, akakaa kwenye kiti, akarudia sentensi ile ile mbele ya mke wangu! Ajali ina kinga. Miaka mingi kabla sijazaliwa, Mwingereza T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi, alianguka na pikipiki Mei 1935 bila helmeti, akafa kwa jeraha la kichwa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari walioitwa kumwangalia, Hugh Cairns, hakukaa akasema siku yake ilifika. Alianza kuchunguza vifo vya askari waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha alichokiona kuhusu helmeti. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawalazimisha askari wake kuzivaa. Tafiti zilizonukuliwa na Shirika la Afya Duniani zilionyesha kuwa helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Daktari wangu hakuniahidi kuwa helmeti nzima ingezuia kila kitu, na mimi pia siwezi kukuahidi hivyo. Ila ningependa kuwa nimepewa nafasi hiyo kwa laki na tisini, kuliko redio.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na kila anayeniuliza habari za pikipiki namwambia hiyo hiyo: helmeti inunuliwe mpya, na inunuliwe kabla ya pikipiki. Usipange bajeti ya pikipiki halafu ukaangalia kilichobaki. Toa ya helmeti kwanza, kinachobaki ndicho cha pikipiki, hata kama itabidi uchukue iliyotumika miaka minne badala ya miwili. Pikipiki used fundi ataifungua aone injini. Helmeti used hakuna fundi wa kukufungulia.

Ukifika dukani, shika mkanda wa kidevuni uangalie kitambaa kidogo kilichoshonwa pale. Tafuta herufi E ndani ya duara, na namba mbele yake: hiyo ni nchi iliyoidhinisha, E3 ni Italia, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Namba ndefu inayofuata ianze na 05 au 06. Baada ya namba hiyo pawe na P. Ukikuta NP, ujue sehemu ile ya kidevu haikukubaliwa kuwa kinga, hata kama kwa macho inafunika uso mzima. Stika tu ya nje haitoshi, stika mtu yeyote anachapisha. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi ipo chini ya kitambaa. Snell, taasisi ya Marekani inayopima helmeti, inashauri ubadilishe baada ya miaka mitano hata kama hujaanguka. Halafu ivae, funga mkanda, mwambie mwenzako asimame nyuma yako aisukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka kichwa, siyo saizi yako, hata akikupunguzia elfu hamsini. Inatakiwa ibane mashavu mpaka uone haya kucheka. Ikilegea siku ya kwanza, baada ya mwezi itakuwa inazunguka.

Usidanganyike na zile nyepesi za elfu kumi na tano ambazo kazi yake ni kumpita trafiki. Zimejaa mjini. Wengine hata hizo hawazivai, wamezivalisha tenki au zinaning'inia kwenye kiwiko mpaka waone sare nyeupe. Na mkanda ufungwe kila safari. Helmeti isiyofungwa inafika chini kabla yako.

Mama watoto: anaweza kupanda, akiwa na yake ya kiwango hicho hicho. Usivae wewe ya laki mbili halafu yeye ukampa kifuniko. Kama hela haitoshi za watu wawili, apande daladala hadi itoshe. Najua mtaani tunakuta mwanamume kajifunga vizuri, mke na mtoto nyuma vichwa wazi. Hilo silielewi kabisa.

Jaketi nene, glovu na viatu vinavyofunika kifundo, vaa vyote. Siku ile nilikuwa na sandozi na shati la mikono mifupi, na kiwiko changu mpaka leo kina ngozi kama ya mamba. Jaketi la mtumba halina ubaya, ngozi ya ng'ombe haiishi kwa kuanguka mara moja. Wanaokucheka kuwa umevaa kama mwanaanga kwenda kununua mkate, waache wacheke, joto la Dar utalizoea kwa wiki mbili.

Boxer na TVS watakujibu wengine. Mimi bado naendesha, na helmeti yangu ilinunuliwa kwanza.

Ile nyeusi sikuitupa, nisije nikamkuta mtu ameiokota na kuipaka rangi tena. Niliikata katikati kwa msumeno, nusu mbili zote zipo stoo. Kama ni wa Tegeta kweli, nitumie ujumbe, Jumamosi mchana nipo nyumbani. Njoo na mshikaji wako na hiyo helmeti yake. Tutachomoa vitambaa vya ndani wote watatu tukiangalia, na wewe mwenyewe utalibonyeza povu la yangu kwa kidole, upande wa kisogo.