Tangazo la mtaa lajibiwa kwa stika

SWALI: Asalaam aleikum, mwanangu. Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa hapa Makorora, Tanga, umri miaka 67. Tuliitisha mkutano wa Jumatano saa nne asubuhi kuhusu mtaro unaofurika. Kipaza sauti kilizunguka, tangazo likatumwa na kwenye grupu la WhatsApp. Kijana mmoja akajibu kwa stika ya mbuzi anayepiga miayo, wenzake wakacheka. Mkutanoni tukaja wazee na kina mama wachache, tukapitisha mchango wa mtaro. Usiku grupu likawaka moto: "Nani kapitisha mchango huu?" Tuwafanyeje watoto hawa?

JIBU: Waaleikum salaam, na shikamoo baba. Stika ile hata mimi ingeniudhi. Lakini Jumatano saa nne, wa bodaboda yuko kijiweni na kibarua wa bandarini yuko zamu. Mlimwita nani hasa?

Zamani mjumbe wa nyumba kumi alibisha hodi mlango kwa mlango. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, mjumbe huyo ni wa chama, si wa wote. Na wapangaji waliofuata kazi za bandari na za bomba la mafuta kule Chongoleani, jina lake hata hawalijui.

Halafu baba, tusioneane. Ninyi kwenye kahawa pale Ngamiani mnamchambua diwani mpaka mifupa, kashata mkononi, akipita mnamwamkia. Maneno yenu yanaisha na kikombe. Ya kijana yanabaki kwenye simu, mtu akiyapiga picha yanaweza kumfikisha polisi kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Nahisi mbuzi yule ni woga kuliko dharau.

Nanyi vijana, mlipiga kura Novemba 27, 2024 kuchagua uongozi wa mtaa, mkadhani kazi imeisha? Kelele za grupu haziingii kwenye muhtasari. Waliokaa kwenye viti ndio waliopitisha mchango.

Baba, mkutano ujao uwe Jumapili baada ya alasiri. Ajenda itumwe kwa sauti ya dakika moja. Zile ndefu zenye salamu za ukoo mzima hakuna anayezimaliza. Na fedha ndiyo kiini: vijana ninaowasikia hawaukatai mtaro, wanauliza hela imekwenda wapi. Risiti za saruji na kokoto zipigwe picha, ziwekwe humo humo grupuni siku ile ile ya manunuzi.