Dogo mazoezini anawaacha wote, siku ya mashindano anapotea: tunafanyaje?

Kila msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ukikaribia wazazi wananipigia na swali ni lilelile, kocha mtoto mazoezini hakuna anayemgusa, akifika mkoani miguu inakuwa mizito anamaliza wa saba, sasa nimfanyeje, nimwombee, nimkaripie, au nimwache tu asome? Kumwombea ni vizuri. Kumkaripia hakumsaidii hata kidogo, na leo nataka nieleze kwa nini.

Mi nafundisha watoto wa riadha huku Arusha, wengi wao wa mita 800 na 1500, wa shule ya msingi mpaka sekondari, na ninachoamini ni kwamba utulivu wa akili unafundishwa mazoezini, Jumanne ya kawaida hakuna hata anayeangalia, kama unavyofundisha kukaa leni yako kwenye kona. Hotuba ya dakika za mwisho haijengi kitu. Muda ule moyo wa mtoto unakwenda mbio, mdomo umekauka, vidole vya baridi, nusu ya unachosema hakisikii, atakachofanya ni kile mwili umeshazoea basi.

Chukua suala la kusubiri tu. Waliofika mashindano ya shule wanajua, ratiba inasema mita 800 saa nne, inafika saa saba bado mnaambiwa subirini, jua kali, mtoto kapasha misuli mara tatu, kala karanga na soda, anawaangalia wenzake wa mkoa mwingine wenye viatu vya spaiki vipya na anajihesabu ameshashindwa hata kabla ya kuitwa. Pale ndipo mbio zinapopotea! Kwa hiyo sisi tunafanya mazoezi ya kusubiri. Nawaambia leo tunajaribu muda saa mbili kamili, wanapasha, halafu nasogeza mbele, nasogeza tena, na wanatakiwa wajue cha kufanya, unakaa kivulini, unavaa trakisuti, unakunywa maji kidogo kidogo, unapiga stori na mwenzako za mambo mengine kabisa, ukiitwa unapasha upya kwa muda mfupi. Mwanzoni wanalalamika sana. Baada ya muda inakuwa kawaida yao na wakifika mashindanoni ratiba ikivurugika wanaona ni Jumanne tu.

Hivyohivyo mambo mengine. Siku moja moja namwanzisha yule mwenye spidi zaidi nyuma ya wote, siku nyingine tunakimbia bila saa, siku nyingine wakidhani wamemaliza nawaongezea raundi moja, lakini hapa kocha mwenzangu kuwa makini, lengo ni mtoto agundue kwamba anaweza, ukifanya kila siku au ukafanya kama adhabu unamfundisha kutokukuamini. Na kila mmoja anakuwa na jibu lake tayari, nikisukumwa nafanya nini, nikifungiwa ndani kwenye kona nafanya nini, mwanzo ukiwa wa kasi kuliko nilivyopanga nafanya nini. Anasema kwa mdomo wake, kwa lugha anayoota nayo, kama ni Kiiraqw au Kimasai sawa tu, neno fupi la kujiambia mita 300 za mwisho. Pumzi nayo tunaifanya, unavuta kawaida unatoa taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, mara kadhaa, mapigo yanashuka na mabega yanalegea.

Huwa nawaonyesha video ya Faith Kipyegon wa Kenya, Olimpiki ya Paris 2024. Tarehe 5 Agosti alimaliza wa pili mita 5000, wakamwondoa kwenye matokeo kwa kugongana na Gudaf Tsegay wa Ethiopia, Kenya wakakata rufaa, baadae usiku uleule wakamrudishia medali yake ya fedha. Fikiria mtu kapita kwenye hiyo presha yote, na siku tano mbele ana fainali ya mita 1500. Akashinda, 3:51.29, rekodi ya Olimpiki, dhahabu yake ya tatu mfululizo kwenye mbio hiyohiyo. Nikiwauliza watoto wanaona nini wanasema ana nguvu. Mi nawaambia angalieni alivyokimbia, alikaa kwenye mpango wake, hakukimbia kwa hasira za siku tano zilizopita. Na Mtanzania wetu Alphonce Simbu, Septemba 2025 Tokyo, marathoni ya dunia, mwenzake Amanal Petros wa Ujerumani yuko mbele kwenye mita za mwisho kabisa, wote wakapewa 2:09:48, wametengana sekunde 0.03 na Simbu ndiye aliyeshinda! Kilomita 42 halafu bado unaamini mpaka kwenye mstari. Huyu ni mtu aliyepata shaba ya dunia London 2017 na akakaa miaka mingi baada ya hapo bila medali ya dunia wala ya Olimpiki, akaendelea kujifua.

Sasa kuna jambo linaniuma kweli. Watu wanachukua stori ya mzee wetu John Stephen Akhwari, aliyeanguka akaumia goti Olimpiki ya Mexico 1968 na bado akamaliza marathoni wa mwisho, wanaitumia kumlazimisha mtoto wa miaka 13 akimbie na goti lililovimba. Mzee Akhwari alikuwa mtu mzima, aliamua mwenyewe, na heshima yake haina mjadala. Mtoto mifupa bado inakua, akisema panauma chini kidogo ya goti kila akikimbia hiyo sio legelege, mpumzishe, apimwe. Mtoto anayeweza kusema mbele ya kocha "leo panauma" ndiye mwenye akili imara, maana anayenyamaza anaogopa tu.

Na mabinti jamani. Binti wa darasa la saba anashinda kila kitu wilayani, akifika kidato cha pili mwili unabadilika, nyonga, uzito, hedhi, muda wake unasimama au unarudi nyuma mwaka mzima, na watu wanasema ameridhika, ana mchumba, amenenepa. Wengi tunawapoteza hapo hapo na wala sio kwa kukosa kipaji. Akae na mtu mzima wa kike anayemwamini, aelezwe kwamba hiki kipindi kinapita na kasi inarudi ukiendelea na mazoezi taratibu, ale vizuri, na asisikie neno lolote kuhusu mwili wake kutoka kwa kocha. Hedhi ikikata miezi mitatu hivi kwa sababu ya mazoezi na kutokula, hilo ni la hospitali haraka.

Akishindwa, mzazi, kwenye gari au kwenye daladala ya kurudi usichambue mbio. Muulize amekula, mpe maji, mwambie umefurahi kumwona akikimbia, kesho yake ndo mnakaa na mimi nipo tunaongea nini kilifanya kazi na nini tubadilishe, vitu viwili vinatosha. Na akishinda usimwite bingwa wa ukoo mzima kwenye magrupu ya WhatsApp, kile kitu kinamlemea mbio inayofuata anakimbia kulinda jina.

Akikosa usingizi usiku wa kuamkia mbio mwambie ni kawaida, usiku mmoja haumharibii, usingizi wa wiki nzima kabla ndo muhimu. Ila ukiona wiki zinapita hapati usingizi, hataki kula, amejitenga hata na marafiki zake, mazoezi yenyewe anayakwepa, simamisha mashindano, mpeleke kwa daktari au mshauri nasaha, nafasi yake kwenye timu nitamtunzia.