Jibu: Viputo vinavyogoma kushuka na maji

Ndugu, unasema hewa unayoingiza juu ya bomba lako lenye kipenyo cha sentimita 5, ili maji yapate oksijeni, haishuki na maji, inajikusanya karibu na mdomo hadi inakuwa mfuko mkubwa. Shida ni mwendo. Pampu yako ya lita 12 kwa dakika inayashusha maji kwa takriban sentimita 10 kwa sekunde, ilhali kiputo cha milimita 3 hadi 5 hupanda kwa sentimita 20 hivi kwa sekunde au zaidi, hivyo kinayashinda maji. Ungeweza kutafuta pampu ya lita 40 kwa dakika pale Industrial Area, Nairobi, lakini mimi ningebadilisha bomba kwanza, ni nafuu mno: la kipenyo cha sentimita 2.5 litakupa sentimita 40 kwa sekunde kwa pampu hiyo hiyo.

Kisha punguza hewa. Maji yanaposhuka, viputo vidogo husogea katikati ya bomba, kinyume na yanapopanda, na vikisongamana huko huungana. Mulika tochi ubavuni. Ukiona hewa inaning'inia pale pale, funga vali ya hewa kidogo kidogo.

Na vipimo vya oksijeni vya vitabuni usivichukue vilivyo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hivyo maji ya hapa hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Mombasa, joto likiwa sawa.