Mfuko uliofungwa haufunguliwi

Watu wakijua nimewahi kufanya kazi ya kuchambua taka, huniuliza swali lilelile: zile chupa tunazotenga, kweli zinafika popote au zote huishia jalalani? Zinafika, ila si zote, na mara nyingi anayeamua ni wewe uliyezitia pipani.

Lori likishamwaga mzigo, taka hupandishwa kwenye mkanda unaokwenda mbio. Sisi tulisimama mwanzoni kuondoa visivyotakiwa, na kilichotusumbua kupita vyote ni mifuko ya plastiki. Hujiviringisha kwenye vyuma vinavyozunguka mpaka mtambo uzimwe, mtu aingie na kisu aikate kipande kwa kipande. Kwa hiyo, kama wanaokuzolea taka hawajakuagiza hivyo, usifungie chupa ndani ya mfuko. Mkandani hakuna mwenye muda wa kuufungua; hutupwa kama ulivyo, na chupa zako safi zikiwamo.

Baada ya hapo sumaku hunyakua makopo ya chuma. Aluminiamu haishikwi na sumaku, ina mtambo wake wa kuirusha pembeni, na haikosi mnunuzi: kuiyeyusha upya hutumia karibu asilimia 5 tu ya nishati ya kuitoa kwenye madini. Plastiki hutambuliwa na mtambo unaotumia miale ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Nyeusi mara nyingi mtambo hauioni, kwa sababu kaboni inayoipa weusi humeza miale hiyo, basi ukiwa na hiari chagua chombo cha rangi nyingine.

Karatasi ni dhaifu. Mafuta yaliyobaki kwenye chupa moja yakimwagika, kadibodi iliyo chini yake imekwisha. Suuza kidogo tu; hatukuwa tukisubiri vyombo vya wageni.

Mabaki ya jikoni husagwa, huchanganywa na majani makavu na kulundikwa. Vijidudu vinavyoyaozesha hulipasha lundo joto hadi kupita nyuzi 55 za Selsiasi, likakaa hivyo siku kadhaa, na hapo mbegu za magugu na vimelea vya maradhi hufa. Mboji ikiiva huchekechwa. Vipande vikubwa vya plastiki hunaswa, lakini vile vibandiko vidogo vya kwenye matunda hupenya na kuishia shambani, kwa hiyo vibandue kabla ya kutupa maganda.

Betri zisiingie pipa lolote kati ya haya. Za lithiamu zikibanwa ndani ya lori huwaka, na moto huo hauzimiki kirahisi. Zitenge, uzipeleke panapopokelewa betri.