Mwaka wa mama unakaribia, tukutane tumkumbuke au ni bidaa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mama yetu alifariki na mwaka unakaribia kutimia. Katulea sisi watoto wake halafu akalea na wajukuu, mmoja wao ni wa dada yetu marehemu, kakaa kwake tangu mchanga. Tunataka siku hiyo tukutane familia nzima, kila mtu aeleze anachomkumbuka, tule, tumuombee, na gharama tutoe kwenye hela alizoacha maana mirathi bado hatujagawa. Kaka yetu mmoja kagoma kabisa anasema ni bidaa, yaani jambo la kuzushwa kwenye dini, grupu la familia limechafuka. Pia tuna voisi zake kwenye simu, nyingine anamsomesha huyo mjukuu, je tuzifute? Na mjukuu mwenyewe anauliza, yeye si mtoto wa kumzaa, dua yake inamfikia bibi? Mama pia alikuwa na deni la siku za Ramadhani. Halafu kuna mama mdogo, mdogo wake mama, wao wawili walinuniana miaka, kwenye mazishi alikuja akazika akaondoka, hatujui tumwalike au tumuache maana anaweza kutibua shughuli.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amrehemu mama yenu, amsamehe na ampanulie kaburi lake. Umeuliza mengi dada yangu, na lile la mama mdogo umelitupia mwishoni kama vile dogo, kwangu mimi ndo kubwa kuliko yote, ntalifikia.

Kwanza huko kukutana. Familia kukaa pamoja wakamtaja maiti wao kwa mema na kumuombea si haramu kwa asili yake. Anachoogopa kaka yenu ni tarehe ikageuka ibada, mwaka huu mmefanya, mwakani mtaona ni lazima, na asiyekuja ataambiwa hampendi mama. Hapo ana hoja, msimcheke. Ila na yeye asivuke mpaka akawazuia watu hata kumtaja mama yao, maana Mtume s.a.w. alimtaja Bi Khadija r.a., mkewe wa kwanza, miaka na miaka baada ya kufa kwake, mpaka Bi Aisha r.a., mkewe aliyemuoa baadaye, anasema katika wake wa Mtume hakuna ambaye yeye Aisha alimuonea wivu kama Khadija, na wala hakumkuta hai, kwa vile tu alivyokuwa akitajwa sana. Hakusubiri tarehe. Kwa hiyo suluhu ipo, kutaneni siku yoyote watu watakayokuwa na nafasi, na asiyeweza kuja asihesabiwe kosa.

Na kulia mkilia msiogope. Mtume s.a.w. alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kinachokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu, kuchana nguo, na maneno ya kumlaumu Allah.

Kitu kingine watu hawakiangalii kabisa ni yale maneno yenyewe mtakayoyasema. Utasikia mtu kashika maiki, mama yetu yuko peponi sasa hivi anatuangalia. Umejuaje? Uthman bin Madh'un r.a. alikuwa muhajir, yaani katika waliohama Makka kwenda Madina, swahaba mkubwa, aliuguzwa kwenye nyumba ya mwanamke wa Kiansari, watu wa Madina waliowapokea, anaitwa Ummul Alaa mpaka akafa, wakamkafini, yule mama kwa uchungu akasema nashuhudia kwamba Allah amekukirimu. Mtume s.a.w. akamuuliza, umejuaje kwamba Allah amemkirimu? Akawaambia yeye anamtarajia kheri. Hadithi iko kwa Bukhari. Sasa kama kwa Uthman bin Madh'un imesemwa hivyo sisi ni nani. Semeni mlichokiona kwa macho, alikuwa akiamka kabla ya alfajiri, alikuwa hali mpaka ajue jirani kala, kisha mwombeeni. Ukweli mdogo kama huo unamfaa kuliko sifa kubwa za kutunga, na binafsi wasifu wa dakika arobaini ambao kila mtu anajua nusu yake ni chumvi unanichosha.

Gharama. Hapa nasema wazi, hela za mirathi msiziguse. Mali ya maiti ikishatoka gharama za mazishi inalipa madeni, halafu wasia usiozidi theluthi, halafu inagawiwa kwa wenyewe, Qur'an sura ya 4 aya ya 11 imeshataja mgao na kwamba wasia na deni hutangulia. Na huyo kaka anayesema ni bidaa fungu lake limo humohumo, mkipika pilau kwa hela hiyo mnalisha watu mali yake bila ridhaa yake. Anayetaka kulisha atoe mfukoni kwake na aitie nia ya sadaka kwa mama, hiyo inafika. Saad bin Ubada r.a. mama yake alifariki yeye akiwa safarini, akaja akauliza nikimtolea sadaka itamfaa? Mtume s.a.w. akasema ndiyo, akaitoa bustani yake nzima sadaka.

Deni la Ramadhani ndo la kutanguliza kabla ya hiyo shughuli, mkae muulizane nani anazijua zile siku. Kama aliugua na ugonjwa haukumwachia nafasi mpaka umauti hana deni. Kama aliugua ugonjwa usiotarajiwa kupona basi kila siku ilishwe maskini mmoja. Na kama alipata afueni akachelewa kulipa mpaka akafa, hapo kuna hadithi ya Bi Aisha r.a., anayekufa na ana deni la saumu walii wake, yaani ndugu yake wa karibu, atamfungia, iko kwa Bukhari na Muslim, na Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii, ameipa nguvu kauli hiyo. Mnaweza kugawana siku nyinyi watoto, huyu mbili yule tatu. Wanaoshindwa kufunga watoe kibaba cha chakula kwa kila siku, na hicho kibaba kinatoka kwenye mali ya mama kabla ya kugawa maana ni deni.

Voisi msifute. Hakuna ubaya kusikiliza sauti ya mama yako, kama ndani hamna kitu cha haramu wala siri ya mtu. Ila msizirushe kwenye stetasi kila mtu akasikia, kuna mambo mtu aliyasema na wanawe hakutaka yatoke nje.

Na hizo anazomsomesha mjukuu ndo jibu la swali la mjukuu. Mwambie hivi, bibi alikuwa akikwambia rudia usimeze herufi, na leo ukisimama ukisoma Fatiha ile aliyokunyoosha yeye, kila rakaa anapata ujira mfano wa ujira wako na wako haupungui, maana Mtume s.a.w. amesema aliyeelekeza kwenye kheri ana malipo mfano wa mwenye kuitenda. Hadithi ya mambo matatu ambayo malipo yake hayakatiki mtu akifa imetaja mtoto mwema anayemwombea mzazi, lakini imetaja pia elimu yenye manufaa, huyo kijana kaingia kwa mlango huo moja kwa moja. Dua ya muislamu yeyote kwa muislamu mwenzake inafika, sura ya 59 aya ya 10 inatufundisha kuwaombea waliotutangulia kwa imani, sembuse bibi aliyekubeba mgongoni. Tena huyo mtoto msimsahau kwenye hela, dada yenu kafa kabla ya mama na yeye hana fungu pale, basi kila mmoja wenu akipata lake amkatie kitu. Si lazima ila ndivyo angefanya mama yenu, au siyo?

Sasa mama mdogo. Mnauliza mumwalike au mumuache, mimi naona swali limekaa kichwa chini miguu juu. Mtume s.a.w. alikuwa akichinja mbuzi, anamkatakata vipande anawapelekea marafiki wa Khadija. Hao ni marafiki tu. Siku moja Hala binti Khuwaylid, ndugu yake Khadija, akabisha hodi, Mtume s.a.w. akaikumbuka namna Khadija alivyokuwa akibisha, akashtuka, akasema Ewe Mola, Hala! Yaani ilitosha kusikia ile hodi tu. Na alipokuja mtu mwenye dhambi kubwa anatafuta toba akamuuliza una mama? Akasema hapana. Una mama mdogo? Akasema ndiyo. Akamwambia mfanyie wema. Hiyo iko kwa Tirmidhi, na kwa Bukhari kuna kauli ya wazi kuwa dada wa mama yuko daraja la mama.

Ugomvi wao ulikuwa wao wawili na mmoja kashaenda kwa Mola wake, nyinyi hamkuurithi, haumo kwenye mirathi. Msimtumie ujumbe wa mwaliko kwenye grupu. Nendeni kwake wakubwa wawili kati yenu kwa miguu yenu, msianze kuchambua nani alikosea, mkasema tumekuja kukuona. Akiwafokea vumilieni, anayo haki ya kulia ndugu yake na pengine hakupata mtu wa kumpa pole. Kisha mwambieni awasimulie mama yenu utotoni alikuwaje, hayo hakuna mwingine kati yenu anayeyajua, hicho kikao chenu bila yeye mtakuwa mnaelezea nusu ya maisha yake. Na siku ya kukutana mumuulize yeye lini anaweza, mpange hiyo.

Wallahu aalam.