Rangi ya mkate haishushi sukari

Tangu nilipoandika kuhusu dona na sembe, simu yangu imejaa maswali ya mkate. Nimechagua matano. Kama lako halimo, soma tu, huenda mwenzako amekuulizia.

Dada, niliambiwa niache mkate mweupe nile wa brauni. Mwezi wa pili huu natii, lakini nikipima sukari baada ya chai, kipimo kinapanda vilevile. Nakosea wapi? (Baba wa Mbagala)

Pole baba, hujakosea. Kwanza, mkate unaweza kuwa brauni kwa sababu ya karameli au molasi tu, huku unga wake ni uleule mweupe. Lakini hata kama wako ni wa ngano nzima kweli, na pumba zake na kiini chake, bado unaweza kukupandishia sukari. Mwaka 1981, David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walianzisha kipimo cha kasi ya vyakula kupandisha sukari, ambapo glukosi ni 100. Kwenye majedwali ya kipimo hicho mkate mweupe una wastani wa 75, na wa ngano nzima 74. Tofauti ya namba moja! Mkate wenye punje zinazoonekana kwa macho ndio unaoshuka hadi kwenye hamsini na kitu.

Sababu utaielewa ukifikiria makande. Mahindi ya makande na ya ugali wa dona ni yaleyale, ila punje ya makande imefunga wanga wake ndani, na tumbo lazima litoe jasho kuufikia. Ukishaisaga laini, mlango umeuvunja mwenyewe. Pumba za ngano zikiwa unga husaidia sana choo, ila kasi ya sukari haziizuii kiasi hicho. Hilo lisikukatishe tamaa: watu waliofuatiliwa kwa miaka mingi wakila nafaka nzima walipata kisukari cha aina ya pili kwa uchache kuliko wale wa nafaka zilizokobolewa. Faida ipo, ila usiitegemee ionekane kwenye kipimo cha asubuhi moja.

Halafu hukuniambia kitu kimoja: chai yenyewe ina vijiko vingapi? Vijiko vitatu vya sukari vinakaribia wanga wa slesi nzima. Unakula slesi mbili, ya tatu unainywa.

Dukani nitautambuaje ule wa kweli? (Mwalimu, Kimara)

Geuza pakiti, mwalimu. Viungo hupangwa kwa uzito, kizito kinatangulia. Kikitangulia "unga wa ngano" mtupu, huo ni mweupe, hata kama pakiti ina picha ya shamba zima la ngano. Tafuta ngano nzima au isiyokobolewa, na nyuzilishe (kwenye pakiti huandikwa fibre) gramu 6 au zaidi kwa kila gramu 100. Usio na maandishi, muulize mwokaji anatumia unga gani.

Nakula slesi nne za mkate mweupe saa moja asubuhi. Ikifika saa nne njaa inaniuma, nakimbilia chapati. Brauni utanisaidia? (Karani, Posta)

Kwa njaa, ndiyo, na hapa habari ni nzuri zaidi. Mwaka 1995 Susanna Holt wa Chuo Kikuu cha Sydney aliwapa watu vyakula mbalimbali vyenye nguvu sawa, kalori 240, akawauliza kwa saa mbili jinsi walivyoshiba. Mkate mweupe aliupa 100 uwe kipimo. Wa ngano nzima ulipata 157. Kilichoshinda vyote ni viazi ulaya vya kuchemsha, 323, na viazi hivyohivyo vinajulikana kwa kupandisha sukari haraka. Kwa hiyo shibe na sukari ni mambo mawili. Chakula kinaweza kufaulu hili na kufeli lile.

Ila ningekuwa wewe, ningepunguza slesi ziwe mbili na kuweka kitu kando: yai, au maharage ya jana. Mimi nakula mkate na maharage, wanangu wananicheka, na saa nne sina habari na chapati ya mtu. Kwenye kile kipimo cha Toronto maharage yako kwenye ishirini na kitu tu, na protini yake inakaa tumboni.

Mama yangu anatumia insulini. Juzi sukari ilishuka akatetemeka na kutoka jasho, nikampa mkate wa brauni kwa kuwa ndio salama kwake. Nilifanya sawa? (Binti, Tegeta)

Hapana, mdogo wangu, na nashukuru umeuliza. Sukari ikiwa chini ya 3.9 (mmol/L) unahitaji kitu kinachokimbia. Koroga vijiko vinne vya sukari kwenye maji, au mpe nusu glasi ya soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini, rudia. Ikishapanda ndipo mkate unafuata, ili isishuke upya. Akiwa hajitambui, usimtie chochote mdomoni: tafuta gari, hata bajaji, mwende hospitali. Kisha mwambie daktari wake, maana huenda dozi inahitaji kupimwa upya. Wanaomeza glibenklamidi, kidonge cha kisukari, nao wakae macho. Sukari yao inaweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Brauni ni ghali, na tangu nianze tumbo linajaa gesi. Kuna njia nyingine? (Mama lishe, Manzese)

Gesi itapungua ukianza na slesi moja kwa siku na kunywa maji ya kutosha, halafu ukaongeza taratibu. Kuhusu bei, huna sababu ya kuhangaika na mkate. Makande unayapika mwenyewe kwa wateja, kunde na choroko unazo. Uji wa ulezi ni mzuri lakini ni unga laini uliokorogwa maji, na nikikumbuka sukari inayotiwa kwenye vikombe vya vijiweni, bora nisiutaje. Jitengee bakuli la makande kabla wateja hawajalimaliza.